Mfalme wa Kirumbizi na Mrithi Wake

Sikumpenda Mfalme wetu, na yeye alijua. Nilimpulizia zumari tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zikageuka, na katika muda huo wote hakuwahi kuniuliza hali ya watoto wangu. Aliniita Zumari. Mpiga chapuo alimwita Chapuo, mpiga vumi akamwita Vumi, na Vumi alipofariki, yule aliyeshika ngoma yake akawa Vumi kabla hata matanga hayajaanuliwa.

Ufalme wenyewe lazima niueleze, maana mtu wa mbali anaweza kudhani natania. Hapa kwetu Mtongwe, upande wa Likoni, tuna chama cha kirumbizi, ile ngoma ya fimbo inayochezwa harusini. Watu hufanya duara, zumari na ngoma zikalia, wanaume wawili wakaingia katikati na fimbo zao, mmoja akapiga na mwengine akakinga. Zumari ndiyo inayowaongoza: ikilia wanachapana, ikinyamaza wanashusha fimbo, hata kama mmoja wao ndiyo kwanza amepata nafasi. Chama chetu kina mfalme tangu enzi za mababu, na ufalme huo haujawahi kutoka nyumba ile moja. Hauna askari wala hazina. Una kiti cha mbao kilichochongwa, joho jeusi la tarizi iliyochakaa na fimbo moja ya mtobwe. Lakini kwa vitu hivyo mtu aliweza kuamua harusi ya nani itachezwa na ya nani itapita kimya, na mtaani kwetu harusi ikipita kimya, watu huikumbuka zaidi kuliko zilizochezwa.

Mchana alikuwa mkulima kama wengi wetu. Alikuwa na minazi yake na mihogo, na ukimkuta shambani kifua wazi, jembe mkononi, ungemwamkia ukapita bila kugeuka mara mbili. Akirudi nyumbani ndipo alipogeuka mtu mwengine. Alioga, akavaa kikoi alichokipiga pasi mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mkewe kwa pasi, akachana ndevu zake zilizotiwa hina, akakaa barazani. Basi watu walipunguza mwendo. Salamu hakuijibu kwa mdomo, alinyanyua kidole. Akiwa radhi nawe, alinyanyua viwili, na nimeona watu wazima wenye wajukuu wakienda zao wakichekelea kwa ajili ya kidole cha pili.

Alikuwa na misemo yake ambayo sisi wa chama tuliijifunza kama watoto wanavyojifunza ukali wa mwalimu. "Nimesikia" maana yake ilikuwa hapana. "Tutaona" ilikuwa hapana, na usirudi tena. Ukimsifu mchezaji mwengine mbele yake alisema, "Yuwaruka vizuri," kana kwamba unamsifu mbuzi. Na wazee walipomgusia, kwa upole, habari ya kupumzika, aliupiga mkono wa kiti kofi akasema, "Hiki hakikaliwi kwa zamu."

Nisimdhulumu. Alikuwa ndiye muosha maiti wa mtaa wetu, na hakuchagua. Alimuosha tajiri na akamuosha mlevi aliyeokotwa ufukweni, kwa mikono ile ile na kwa stara ile ile. Na kufundisha alijua. Kulikuwa na kijana wa bara aliyehamia kupanga chumba nyuma ya msikiti, hajui hata kufunga kikoi kisimdondoke, akataka kujifunza fimbo. Sisi tulicheka. Mfalme hakucheka. Alimpeleka uani kwake, akamshika kifundo cha mkono, akamwonyesha jinsi ya kusimama, na kijana alipokosea mara kumi alimwonyesha mara ya kumi na moja. "Pole pole, mwanangu," alimwambia. "Macho yasitazame fimbo. Yatazame bega."

Aliwaita wote hivyo, mwanangu. Isipokuwa mmoja, naye alikuwa mwanawe kweli.

Jina lake Bakari. Alikuwa wa pekee, na alikuwa mcheza fimbo aliyezaliwa nayo, mrefu, mwepesi, ana mkono unaofika kabla hujauona ukitoka. Nilikuwepo siku ya Maulidi aliyotangazwa. Mfalme alimsimamisha mbele ya wazee, akalivua joho mabegani mwake, akamvika, akamshika mkono na kusema, "Huyu ndiye. Nikiondoka, huyu ndiye." Halafu akalia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka vikazima sauti ya zumari yangu. Lau ungeniuliza siku ile, ningekwambia hakuna baba anayempenda mtoto kama yule.

Asubuhi yake tukatoka msikitini pamoja. Muuza kahawa akamwamkia Mfalme kwa heshima zote, kisha akamgeukia Bakari akicheka. "Na wewe Mfalme mdogo, hujambo?" Nikaona uso wa mzee ukikaza. Ilikuwa mzaha tu, na Bakari alijibu kwa mzaha, lakini kuanzia hapo nilianza kumwangalia yule mzee akihesabu ni nani kamwamkia nani kwanza. Watu wenye harusi wakawa wanapitia kwa Bakari ili awasemee. Seremala aliyekuja kurekebisha mguu wa kiti uliolegea akatania kwamba akipanue kabisa, maana mrithi ana mapaja. Mfalme akamfukuza na vifaa vyake, na kile kiti kikabaki kinayumba, na yeye akiyumba juu yake, akiona afadhali hivyo kuliko kumruhusu seremala arudi.

Mkewe aliniambia siku moja, tulipokutana dukani, "Tangu amtaje, halali vizuri. Yuwamsikiliza kijana akipumua chumba cha pili." Nilidhani ni maneno ya mke aliyechoka.

Na Bakari naye hakuwa malaika. Baba yake alipokwenda mazikoni Jomvu Kuu, alikitoa kile kiti nje, akakikalia, akanyanyua kidole kimoja, vidole viwili, akakohoa kile kikohozi cha baba yake cha kusafisha koo kabla ya kukataa jambo. Vijana walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mimi pia nilicheka, sitakudanganya, alikuwa amempata barabara. Kisha kwenye kahawa akasema kwa sauti, "Baba mchezo wake umepitwa. Yuwapiga kama yuwaua nyoka." Maneno hayo yalifika kwa Mfalme kabla kahawa haijapoa.

Hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alingoja harusi.

Katika ngoma yetu kuna sharti moja la kale: mtoto hampigi babake. Wakiingia wote wawili uwanjani, baba ana ruhusa ya kupiga, mtoto kazi yake ni kukinga tu. Zamani ilikuwa ni njia ya kufundisha. Baba alipiga mara tatu, nne, kwa wepesi, watu wakashangilia, wakatoka wamekumbatiana. Mfalme akalichukua sharti hilo akalifanya silaha. Kila harusi, ngoma ilipopamba moto, alisimama kitini akamwita aje, "Mrithi yuwapi? Ndoo hapa." Bakari akaingia. Na yule mzee akapiga kweli, akilenga vifundo vya vidole na viwiko. Kijana angeweza kumwangusha kwa pigo moja, kila mtu aliliona hilo, na yeye Mfalme aliliona kuliko wote. Alirudi nyuma, akakinga, akakosa kukinga, akatabasamu kwa sababu watu walikuwa wakitazama.

Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakapiga makofi tu. Mwisho wakawa wanaangalia chini. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwao, mashavu yamejaa pumzi, siwezi kusema neno. Mke wa Mfalme alikuwa akimkanda kijana vidole kwa mafuta ya moto, na mara moja, mimi nikiwa barazani nangoja, nilimsikia akimwambia mumewe ndani, "Huyu ndiye mwana wa pekee uliye naye."

"Ndiyo maana," akajibu Mfalme.

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Sijui alimaanisha ndiyo maana nampiga, au ndiyo maana naogopa.

Bakari alipooa, harusi ilifanyika kwa wakweze, huko huko Likoni, alasiri ya jua kali. Bwana harusi alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kilemba, kashikwa mkono na rafiki zake. Sisi tulikuwa tumeanza kupiga. Mfalme akasimama kitini, na watu wakanyamaza kwa furaha, wakidhani atamwombea dua.

"Mrithi yuwapi? Ndoo hapa."

Bakari hakusogea. Akaomba kwa sauti ya chini aachwe kwa siku ile, "Baba, yeo sivyo. Yeo mimi ni bwana harusi."

"Sikukuuliza wewe ni nani. Nimesema ndoo."

Mtu akampa kijana fimbo, akaingia. Pigo la kwanza alilikinga. La pili likamdondosha kilemba. Akainama kukiokota, na alipokuwa anainuka, la tatu likampata juu ya jicho. Damu ikashuka kwenye ile kanzu nyeupe, na upande wa wanawake nikasikia bibi harusi akipiga ukelele.

Hapo Bakari akainua fimbo. Hakuiinua kukinga. Aliipeleka nyuma ya bega, pale inapopelekwa na mtu anayetaka kumaliza. Nikamtazama Mfalme, na nililoliona sijalisahau. Alikuwa ameshusha fimbo yake. Alikuwa ameinua kidevu, amekiachia kifua wazi, na anatabasamu. Alikuwa analitaka lile pigo. Lingemshukia tu, Bakari angekuwa mwana aliyempiga babake siku ya harusi yake, mbele ya wakwe, na hakuna nyumba Likoni nzima ambayo ingemkubali tena awe mfalme wa kitu chochote. Mzee alikuwa tayari kupasuliwa kichwa ili abaki na kiti.

Nikaitoa zumari mdomoni.

Ngoma zilijikwaa kidogo, kisha nazo zikafa. Kukawa kimya, na sharti ni sharti. Bakari alibaki na fimbo juu kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Kisha akaishusha, akailaza miguuni pa babake kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaenda upande wa wanawake, akamshika mkewe mkono na wakaondoka. Biriani ilikuwa haijapakuliwa.

Mfalme akanigeukia. "Zumari, nani kakwambia unyamaze?"

"Pumzi zimekwisha, Mfalme."

"Zimekwisha kweli," akasema. Tangu siku ile akawa anamleta mpiga zumari kutoka Kisauni, na mimi nikawa naisikia ngoma yetu nikiwa nyumbani kwangu, nikiwa nimekaa na zumari yangu mapajani.

Bakari akahamia Changamwe, akapata kazi ya kutengeneza matrela. Hata Idi hakuja. Mfalme akatangaza kwamba hana mrithi, na alilitangaza kwa mtu yeyote aliyesimama mbele yake, hata wasioulizia. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wazee: akamtaja yule kijana wa bara. Wazee walinung'unika, lakini mimi niliwaambia wangoje, maana nilijua ugonjwa wake uko wapi. Haikupita harusi ya pili, watu walipoanza kumchangamkia kijana, Mfalme akasimama. "Mrithi yuwapi? Ndoo."

Ila kijana yule hakuwa mwanawe wa kumzaa, na sharti halikumfunga. Alikinga mara mbili, akamwomba kwa macho, akakinga tena, na la nne akalirudisha. Likampata Mfalme kifundo cha mkono, na ile fimbo ya mtobwe ikaruka ikaanguka kwenye vumbi. Haya nilisimuliwa na walioshuhudia.

"Mzee, samahani," kijana akasema. "Samahani sana. Sikukusudia."

Mfalme alikuwa ameushika mkono wake. "Umepiga vizuri, mwanangu," akamwambia, na wanasema aliisema kwa upendo kabisa. Akarudi kitini akakaa mpaka mwisho wa ngoma, mkono umevimba. Hakuingia uwanjani tena. Kijana naye hakurudi, alipata kazi mji mwengine akaaga.

Baada ya hapo kiharusi kikamwangusha. Kilimchukua upande wa kulia wote, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Chama kikakaa bila mfalme, harusi zikapita na muziki wa spika, na mwisho wazee watatu wakaamua waende Changamwe, nami wakanichukua.

Tulimkuta Bakari yuko chini ya trela, miguu tu inaonekana. Tulimsalimu, tukamweleza hali ya babake, tukamweleza habari za chama. Hakutoka. Tukasikia spana ikigonga chuma, kisha sauti.

"Yeye kasemaje?"

"Hajasema kitu," mzee mmoja akamjibu. "Kusema kwenyewe hawezi sawasawa."

Spana ikanyamaza. "Basi nakuja."

Aliporudi Mtongwe na mkewe, alitaka joho litoke mikononi mwa babake. Tuliingia chumbani. Mzee alikuwa amelala, na joho alikuwa amelifunika kifuani kama shuka, mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, umelikamata upindo. Bakari akasema, "Baba, nimekuja kulichukua." Mzee akamtazama na hakuachia. Bakari akapiga magoti kando ya kitanda, akavifungua vile vidole kimoja kimoja. Hakutumia nguvu ya kumwumiza, wala hakuwa na upole. Nilimwona mtu anayefungua nati iliyoshika kutu. Akalitoa joho, akalivaa pale pale, akatoka nalo nje kwa watu. Mzee akabaki na mkono umekunjuka juu ya kifua, na ni mimi niliyemtafutia shuka ya kumfunika.

Ni mfalme mzuri, Bakari, wallahi. Harusi za wanyonge hatuzikatai, na mimi nimerudi mahali pangu. Ananiita ami. Lakini nyumbani mambo yako hivi: kila asubuhi kabla ya kazi anamuogesha babake, anamvisha kikoi, anamlisha uji kwa kijiko, anamfuta mdomo, na hamsemeshi. "Fungua," anamwambia. "Geuka." "Inua mguu." Mkewe amejaribu, sisi tumejaribu, imamu amejaribu. "Nimepungukiwa na kipi katika kumtunza?" anauliza, na kweli hajapungukiwa na kitu. Mamake alifariki hali hiyo ikiwa hivyo hivyo. Mzee naye ulimi ulirudi taratibu, akawa anasema na jirani, na mkwewe, na paka, lakini kwa mwanawe anafungua mdomo kwa ajili ya kijiko tu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama baada ya swala ya alasiri. Alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, kando ya kamba ya nguo. Ndevu zimekuwa nyeupe tupu. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tukazungumza habari za mvua na bei ya nazi. Bakari alikuwa ndani. Mtoto wake, anayeanza kukimbia, alikuwa akipita mlangoni anakwenda na kurudi. Mtoto huyo amepewa jina la babu yake, lile jina la kuzaliwa ambalo sisi wa chama hatukuwahi kulitumia na ambalo hata hapa sitaliandika.

"Unajua kwa nini kampa jina langu?" mzee akaniuliza ghafla.

"Ni heshima, Mfalme."

"Heshima gani! Alitaka apate wa kumgombeza."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akageuza uso akaangalia nguo kwenye kamba, na nikaona kwamba hakuwa akitania.

Nadhani alianza kusinzia, kidevu kilikuwa kimeshuka. Ndani ya nyumba kitu cha udongo kikaanguka kikavunjika, na sauti ya Bakari ikapaa, kali, ikaliita lile jina. "Ndoo hapa! Nani kakutuma ushike?"

Mzee akashtuka. Mkono wake wa kushoto ukakamata mkono wa kiti, mwili ukajitahidi kwenda mbele.

"Labeka," akasema.

Aliisema kama inavyosemwa na mtoto aliyelelewa vizuri, upesi, kwa sauti ndogo isiyoweza kufika hata mlangoni. Nikamwahi begani asianguke.

"Si wewe, Mfalme," nikamwambia. "Anamwita mtoto."

Alinitazama, na sikuona kwamba amenisikia. Ndani jina likaitwa tena, kwa ukali kuliko mara ya kwanza.

"Niinue," akaniambia. "Niinue, asije akaita mara ya tatu."

Nikamwinua.